Chaja ya gari la umeme nyumbani Dar: anza na gari, mita na ethi, dukani uende mwisho

Malalamiko ni yale yale. Chaja imefungwa ukutani, inapendeza, lakini taa nyekundu haizimiki. Au inachaji dakika kumi kisha nyumba nzima inakatika. Au kichwa cha kebo hakiingii kwenye gari, na muuza duka ameshasema mali ikitoka hairudi.

Mara nyingi chaja ni nzima. Kilichokosewa ni mpangilio: mtu ameanzia dukani, akavutiwa na boksi lililoandikwa kilowati nyingi, kisha akarudi nyumbani kuulazimisha umeme wake ufuate boksi. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Hatua tano za kwanza hazihitaji chaja kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari, au picha ya kibati chenye maelezo yake ya umeme.
- Picha mbili za tundu la kuchajia, moja ya mbele na moja ya pembeni.
- Picha ya ubao wa breka wa nyumba (DB), kifuniko kikiwa wazi ili namba za breka zisomeke.
- Risiti ya LUKU ya karibuni.
- Futi kamba ya kupimia umbali kutoka DB hadi gari linapolala.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mwenye klampu mita (ya kupimia ampia kwa kubana waya) na mashine ya kupimia ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja). Akija na testa ya bisibisi peke yake, mshukuru na utafute mwingine.

Kwa nyumba ya kupanga ongeza ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Utatoboa ukuta na kuongeza laini kwenye umeme wake.

## Hatua ya 1: Jua gari lako linapokea nini

Chaja ya ukutani inapitisha umeme wa AC (ule wa TANESCO) na kuulinda tu. Kazi ya kuugeuza kuwa DC wa kuingia kwenye betri inafanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari, na hicho ndicho kinachopanga kasi. Nissan Leaf nyingi zilizotoka Japani zina kifaa cha kilowati 3 hadi 3.3, chache zina cha kilowati 6 hivi. Mitsubishi Outlander PHEV nayo ipo kwenye kundi la chini ya kilowati 4. Ukiifungia Leaf ya 3.3 chaja ya kilowati 22, itachukua 3.3 zake na kukaa kimya. Zilizobaki umelipia za kuwaonyesha wageni.

Soma kwenye kitabu cha gari kasi ya juu ya kuchaji kwa AC, na kama gari linatumia fezi moja au tatu. Usikubali jibu la "magari ya aina hii huwa na 11". Gari la jina moja linaweza kutoka na vifaa tofauti kulingana na nchi lilikokusudiwa kuuzwa.

Kisha angalia tundu:

- Pini tano, duara: ni Type 1. Ndiyo ya magari mengi ya Japani. Tundu kubwa la pili lililo jirani yake kwenye Leaf ni CHAdeMO, la chaja za DC za vituoni. Nyumbani halikuhusu.
- Pini saba, duara lililokatwa juu, na pini zimechomoza ndani ya tundu la gari: ni Type 2.
- Umbo lile lile la Type 2, ila upande wa gari ni matundu na kebo ndiyo yenye pini: ni GB/T, ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China.

Hapo kwenye Type 2 na GB/T ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa haraka yanafanana. Ndiyo maana tumetaka picha ya pembeni.

Umefaulu ukiwa na: mstari mmoja kwenye karatasi, mfano "Type 1, fezi moja, kW 3.3".

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kilomita kabla ya kilowati

Anayekaa Tegeta na kufanya kazi Posta anatembea kama kilomita 50 kwenda na kurudi. Gari dogo la umeme, kiyoyozi kikiwa kinapuliza kwenye foleni ya Mwenge, hula uniti (kWh) 15 hadi 18 kwa kilomita 100. Kwa hiyo siku moja ni uniti 8 au 9. Ongeza zinazopotea njiani kama joto wakati wa kuchaji, sema 10.

Uniti 10 kwa kilowati 3.3 ni saa tatu na kidogo. Gari likiingia saa moja usiku, saa nne limeshiba. Hata kwa ampia 10 tu, yaani kilowati 2.3, saa nne na nusu zinatosha.

Maana yake ni kwamba watu wengi wa Dar hawahitaji chaja kubwa. Kilowati 7 inaanza kuwa na maana ikiwa gari linaweza kuzipokea na wewe unazunguka zaidi ya kilomita 150 kwa siku, au magari mawili yanagombea chaja moja. Fezi moja ya ampia 16 inatoa kilowati 3.7, ampia 32 inatoa 7.4. Fezi tatu zinatoa 11 kwa ampia 16 na 22 kwa ampia 32.

Fanya pia hesabu ya fedha kwa risiti yako mwenyewe: gawanya kiasi ulicholipa kwa uniti ulizopata. Kwa anayepata uniti 2.8 kwa shilingi 1,000, kuijaza betri ya kWh 40 kutoka asilimia 20 hadi 80 kunachukua uniti kama 27, ambazo ni karibu shilingi 9,600.

Tahadhari: kama uko kwenye bei nafuu ya D1, ambayo ni ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa huko. Uniti 10 kwa siku ni zaidi ya 200 kwa mwezi kabla hujawasha hata taa. Piga hesabu kwa bei ya kawaida, T1, tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Pima nafasi iliyobaki kwenye umeme wa nyumba

Soma namba kwenye swichi kuu. Tuchukulie imeandikwa 63 A, fezi moja. Sasa orodhesha vinavyowaka kwa pamoja jioni, saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi:

- Hita ya kuoga ya kW 5.5: ampia 24
- Viyoyozi viwili: ampia 11
- Pasi: ampia 6
- Pampu ya maji: ampia 5
- Friji, taa na televisheni: ampia 3

Jumla ni 49, imebaki 14. Ukiwasha chaja ya ampia 32 wakati huo unafika 81. Kibaya ni kwamba breka ya 63 haikati papo hapo kwa 81. Inaweza kuvumilia hata zaidi ya saa nzima, na muda wote huo viungo kwenye DB na kwenye mita vinapikika. Harufu ya plastiki utaisikia kabla breka haijaruka.

Una njia tatu:

1. Chagua chaja unayoweza kuishusha hadi ampia 10, uiache hapo.
2. Chagua yenye saa, ianze kuchaji saa tano usiku, hita, pasi na pampu vikiwa vimezimwa. Kwenye mfano wetu ampia 49 zinakuwa wazi. Usiku huo uniti si za bei rahisi kwa mteja wa nyumbani, lakini volti huwa zimetulia kuliko saa mbili.
3. Chagua chaja inayokuja na klampu ya kupima mkondo, inayobanwa kwenye waya mkuu. Hita ikiwaka chaja inajishusha, hita ikizimwa inapanda. Kwa nyumba yenye hita mbili hii ndiyo njia tunayoipendelea, kwa sababu haitegemei mtu kukumbuka.

Kuomba fezi tatu TANESCO kwa ajili ya gari la fezi moja ni kazi bure. Gari litatumia fezi moja tu kati ya hizo tatu. Kama tayari unazo, mwambie fundi aipeleke chaja kwenye fezi yenye mzigo mdogo, na athibitishe kwa klampu mita jioni, si saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu.

Umefaulu ukiwa na: namba moja ya ampia ambayo chaja haitaizidi, na saa itakayofanya kazi.

## Hatua ya 4: Ethi, na hapa usiwe na haraka

Zile taa nyekundu zisizozimika chanzo chake mara nyingi kiko hapa. Chaja na gari vyote hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme. Friji na TV hazijali, ndiyo maana nyumba inaweza kukaa miaka kumi bila ethi ya maana na hakuna aliyegundua.

Fundi apime kwa mashine ya ethi, isomeke kwa ohm. Lenga 10 au chini. Ikizidi 100, usiwashe chaja hadi irekebishwe. Kipimo cha balbu kati ya laivu (waya wenye umeme) na ethi hakithibitishi kitu: balbu ya LED inawaka hata kwa ethi iliyochoka, maana inahitaji mkondo mdogo mno.

Mchanga mkavu wa Kigamboni au Mbweni hutoa namba mbaya kuliko udongo wa mfinyanzi. Fimbo moja ya mita 1.2 mara nyingi haitoshi. Ongeza fimbo ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau mara mbili ya urefu wa fimbo, ziungane kwa waya wa shaba na klampu zake halisi, si waya uliozungushwa kwa koleo. Kwenda chini zaidi kunasaidia kuliko kurundika fimbo sehemu moja, kwa sababu unatafuta udongo wenye unyevu wa kudumu.

Jambo ambalo mafundi husahau: kipimo kilichochukuliwa katikati ya masika kinadanganya. Ardhi ikilowa, kila ethi ni nzuri. Ukipima Aprili ukapata 12, rudia Januari au Februari kabla ya kujisifu.

Hatari: usikubali fundi "kuidanganya" chaja kwa kuunga ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya soketi au ndani ya chaja. Taa itageuka kijani, ndiyo. Lakini siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi ya gari itakuwa na volti 230 na mtoto atakayeegemea mlango hataonywa na kitu. Fundi akipendekeza hivyo, kazi yake imeishia hapo.

Jenereta ndogo nazo huleta taa nyekundu ile ile, kwa kuwa nyingi nyutro yake haijaunganishwa na ethi. Tiba si kuunga waya kiholela. Acha gari lisubiri TANESCO.

## Hatua ya 5: Waya na ulinzi

Chaja iwe na laini yake peke yake kutoka DB. Haichukuliwi kwenye soketi ya jikoni, haigawani na pampu.

Kwa chaja ya ampia 16: waya wa shaba wa mm² 4, breka ya 20. Wengine watakuambia 2.5 inatosha. Kwa pasi inatosha. Kwa mzigo usiopumzika saa nne mfululizo katika joto la hapa, weka 4.

Kwa chaja ya ampia 32: breka ya 40, na waya wa mm² 6 ikiwa unapita ukutani kwa nje, kwenye hewa, na umbali hauzidi mita 25 hivi. Ukipita kwenye paipu darini chini ya bati, ruka moja kwa moja hadi mm² 10. Dari ya bati saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 50, na kwa joto hilo waya hupoteza zaidi ya robo ya uwezo wake.

Kariakoo kuna waya mzuri na kuna waya uliopakwa rangi ya shaba juu ya alumini. Kwangua ncha kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi katikati, ule mwingine unang'aa kama fedha. Angalia pia alama ya ubora ya TBS.

Kuhusu RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), tazama mchoro mdogo usoni pake. Mchoro wa wimbi peke yake ni Type AC. Usiitumie kwa gari. Wimbi lenye mabonge chini yake ni Type A. Unahitaji Type A ya 30 mA ikiwa chaja ina kinga yake ya ndani ya kuvuja DC ya 6 mA (imeandikwa kwenye karatasi ya vipimo). Kama haina, unahitaji Type B, ambayo bei yake ni kubwa na kupatikana kwake ni shida. Kwa hiyo chagua chaja yenye kinga hiyo ndani, umemaliza.

RCD ya chaja isikae nyuma ya RCD ya nyumba nzima. DC kidogo inayovuja kutoka kwenye gari inaweza kuipofusha RCD ya kawaida, ikabaki imewashwa bila kulinda mtu. Laini ya chaja itoke kabla yake.

Mwisho wa hatua hii: sajiprotekta (kinga ya umeme unaopanda ghafla) kwenye DB, na kifaa cha kukata volti zikishuka au kupanda kupita kiasi, chenye kuchelewa dakika chache umeme unaporudi. Umeme uliokatika na kurudi mara tatu kwa dakika moja ndio unaoua saketi za chaja.

## Hatua ya 6: Sasa nenda dukani

Ukifika hapa una karatasi yenye majibu, na muuzaji hawezi kukuyumbisha. Tafuta:

- Volti 230, Hz 50, ampia zinazobadilishika (6, 10, 16 na kuendelea).
- Maandishi ya IEC 61851 (kiwango cha kimataifa cha chaja za magari) na, kwenye kichwa cha kebo, IEC 62196. GB/T ina viwango vyake.
- Kinga ya DC ya 6 mA.
- IP55 (kinga dhidi ya vumbi na maji) au zaidi ikiwa itakaa nje.
- Saa ya ndani. Programu ya simu ni nzuri, ila chaja isiyowaka bila intaneti iache hapo hapo.
- Mtu wa hapa Dar wa kupokea garantii, si namba ya simu ya nje.

Kebo iliyoshikamana na chaja ni rahisi kutumia, lakini inakufunga kwenye aina moja ya tundu. Kama gari lako ni Type 1 na unafikiria kubadilisha gari miaka michache ijayo, nunua chaja yenye soketi ya Type 2 na kebo ya pembeni ya Type 2 kwenda Type 1. Gari likibadilika unabadilisha kebo tu. Chukua mita 7 hivi. Mita 5 inakulazimisha kuegesha upande mmoja kila siku.

Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani: soma kibati chake. Ikiandikwa 200 V, usiikate plagi na kuifungia ya pini tatu. Gari lenyewe linaweza kumudu 230, kile kiboksi cha katikati ya kebo si lazima kimudu, hasa usiku wa manane volti zikipanda.

Kebo ya plagi ya pini tatu: inafaa kwa wanaotembea kidogo. Weka ampia 10 au 8, soketi mpya ya ubora kwenye laini yake, bila ekstensheni. Baada ya saa moja shika plagi: vuguvugu ni sawa, ikikushinda kushika, zima na ubadilishe soketi.

## Hatua ya 7: Mahali na ufungaji

Kivulini. Chaja iliyochomwa na jua la mchana hupunguza ampia yenyewe au huzima, nawe utadhani ni mbovu. Urefu wa mita 1 hadi 1.2 kutoka chini unatosha, isipokuwa maeneo yanayojaa maji: hapo funga juu ya alama ya mafuriko makubwa unayoyakumbuka mtaani.

Karibu na bahari, Mbezi Beach, Masaki, Kigamboni, chumvi inakula skrubu za kawaida ndani ya msimu mmoja. Tumia za chuma kisichoshika kutu. Waya uingie kwa chini, kwenye glandi (kizibo kinachobana waya) iliyokazwa, ili mvua isitambae nao hadi ndani.

Wanaochangia LUKU moja na wapangaji wengine wafunge mita ndogo kwenye laini ya chaja. Ugomvi wa uniti hauna mwisho bila namba.

## Hatua ya 8: Jaribio la kwanza

Lifanye jioni, fundi akiwepo, gari likiwa chini ya asilimia 50.

1. Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Lazima ikate.
2. Anza kuchaji kwa ampia 6. Taa itulie kijani au buluu kwa dakika tano.
3. Panda hadi ampia ulizochagua kwenye hatua ya 3. Klampu mita isome karibu na namba hiyo.
4. Pima volti kwenye chaja ikiwa na mzigo. Zisishuke chini ya 207. Zikishuka, linganisha na za kwenye mita: zikiwa nzuri kwenye mita na mbaya kwenye chaja, waya wako ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea. Zikiwa mbaya hata kwenye mita, tatizo liko upande wa TANESCO. Toa taarifa, na kwa sasa shusha ampia.
5. Acha saa nzima. Zima swichi kuu, fundi afungue DB, ahakikishe hakuna umeme, kisha aguse viungo vya laini ya chaja. Kisiwepo cha moto.

Ikikata kwa breka, ni mzigo au shoti. Ikikata kwa RCD, ni kuvuja: mara nyingi maji kwenye glandi, au nyutro ya chaja imechanganywa na ya laini nyingine. Mwambie fundi ni ipi iliyokata, utampunguzia nusu ya kazi.

Baada ya wiki mbili, skrubu za breka na chaja zikazwe tena, umeme ukiwa umezimwa. Waya mnene hulegea baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa.

Na kila jioni kabla ya kuchomeka, tazama uniti zilizobaki kwenye LUKU. Zikiwa 9 na gari linataka 10, zitaisha usiku wa manane na friji italala bila umeme pamoja na gari.